Sura ya Tano: Jiko la Kuotea Moto

Kila kipupwe kinapoingia, kutoka Makete na Njombe hata Lushoto, na ng'ambo ya mpaka kutoka Limuru hata Kinangop na Molo, wenye nyumba huuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: "Nimenunua jiko la kuni la kupasha nyumba joto, nimelipa fedha nyingi, na fundi amelifunga, mbona moshi unarudi ndani, kioo kimekuwa cheusi, na baridi haijatoka?" Wengine, ambao hawajanunua bado, huuliza kwa tahadhari zaidi: "Jiko lipi ni zuri?" Nimeyaweka maswali haya mawili katika sura moja kwa sababu jawabu lake ni moja, nalo huwakera wauza majiko. Aghalabu ya taabu zinazosingiziwa jiko hutoka katika kuni zinazotiwa ndani yake na katika dohani inayosimama juu yake. Na dohani, kwa msomaji asiyeizoea, ni njia ya kupandishia moshi, iwe imejengwa kwa matofali au imeunganishwa kwa mabomba ya chuma. Anayetaka kuchagua vema na aanze na kuni, afuatishe dohani, kisha jiko lenyewe liwe la tatu.

Jinsi ukuni unavyoungua

Ukuni ukishikwa na moto hupita katika hali tatu kwa mfuatano. Kwanza, maji yaliyomo hugeuka mvuke, na kazi hiyo hula joto bila kuleta joto. Pili, ukuni wenyewe ukipata harara ya kutosha hutoa gesi na moshi, na ndani ya gesi hiyo mna zaidi ya nusu ya nguvu yote iliyokuwa katika mti. Lakini gesi haiungui kwa ukamilifu mpaka ifikie nyuzi 600 hivi za Selsiasi na kukutana na hewa mpya. Tatu, hubaki makaa, ambayo huwaka polepole bila ndimi wala moshi mwingi. Kwa hiyo moshi mzito unaotoka juu ya paa ni kuni zilizonunuliwa, zikabebwa, zikapasuliwa, kisha zikatupwa angani nusu zikiwa hazijaungua.

Meko ya ukutani yaliyo wazi, ambayo walowezi waliyajenga katika nyumba zao za mashamba ya chai na ambayo bado yanapendeza macho katika nyumba za Tigoni na Mufindi, hulipa chumba kiasi cha sehemu moja tu katika kumi ya joto la kuni, na zilizobaki huzipeleka nje pamoja na hewa iliyokwisha kupashwa moto. Jiko la chuma lenye mlango, likitumiwa vema, hurudisha asilimia 65 hadi 80.

Tofauti hii iliwashughulisha watu zamani. Benjamin Franklin, yule Mmarekani mashuhuri kwa habari za umeme, alibuni jiko la chuma mwanzoni mwa miaka ya 1740, akaandika kijitabu cha kulieleza mwaka 1744, na alipotakiwa kulimiliki kwa hati ya serikali alikataa, akitaka kila mtu alitumie. Ukarimu wake ulikuwa mkubwa kuliko mafanikio yake, kwa maana katika jiko lile la kwanza moshi ulilazimishwa kushuka chini kabla ya kupanda, na moto ulipopoa kidogo tu moshi ulighairi safari ukarudi chumbani. Mafundi waliomfuata ndio waliobadili njia ya moshi hata jiko likafaa. Nusu karne baadaye, mwaka 1796, Count Rumford alitangaza huko London namna ya kuyatengeneza meko ya ukutani yaliyokuwa yakivukiza watu, na dawa yake kubwa ilikuwa kulipunguza koo la dohani, basi. Mabwana hawa wawili, wenye akili nyingi, walikutana na adui yule yule anayemsumbua mtu wa Limuru hivi leo.

Kuni kwanza

Mti uliokatwa leo, hasa mkaratusi, huwa na maji yanayokaribia nusu ya uzito wake. Mwenye kuingiza nyumbani kilo 10 za kuni mbichi ameingiza takriban lita 5 za maji, na kabla ya kupata joto la kumfaa sharti moto wake uyachemshe maji hayo yote na kuyapandisha dohani. Kuni zilizo tayari kwa jiko la kufungwa ni zile ambazo maji yake yameshuka chini ya asilimia 20 ya uzito. Kilo moja ya kuni za namna hiyo hutoa nguvu ya kilowati-saa 4 hivi, ilhali kilo moja ya kuni mbichi hutoa kama nusu yake, tena kwa shida, ikizomea na kutoa povu kwenye vichwa.

Lakini nani atakuambia kuwa kuni ni mbichi? Mnunuzi husimama kando ya barabara na kuuliza, "Mama, kuni hizi kavu?" na mwuzaji hujibu kwa moyo mkunjufu, "Kavu kabisa, mwanangu, kiberiti kimoja tu." Wote wawili wana haki, maana kwa mafiga matatu yaliyo uani, penye upepo, kuni hizo zinawaka. Ni jiko la kufungwa linalodai zaidi. Basi chukua kipande kimoja ukitazame kichwani: kuni kavu zina nyufa zinazotoka katikati kwenda pembeni, rangi yake imefifia ikawa ya kijivu, na gome huachia kwa ukucha. Gonganisha vipande viwili. Vikavu hutoa mlio mkali, vibichi hutoa kishindo kizito. Kisha pasua kimoja na uweke upande mpya shavuni: ukiona ubaridi wa unyevu, kirudishe. Wenye uwezo hununua kipimo cha unyevu chenye ncha mbili kama za misumari, nacho hakina maana kikichomwa kwenye ganda la nje, ila kwenye uso uliopasuliwa wakati ule ule.

Katika Nyanda za Juu Kusini za Tanzania kalenda yenyewe humdanganya mtu. Mvua huanza Novemba hivi na kuendelea hata Aprili, na mara inapokatika baridi huingia, hivyo wengi hukata miti Mei na kuichoma Juni, ikiwa imeshiba maji ya miezi sita. Utaratibu ulio sawa ni kukata na kupasua wakati wa kiangazi, kati ya Juni na Septemba, kuzipanga kuni juu ya magogo ili zisiguse ardhi, upande mmoja ukielekea upepo, kuzifunika juu tu kwa bati kabla ya Novemba huku ubavu ukiachwa wazi, na kuzitumia kipupwe cha mwaka wa pili. Limuru na Kinangop hali ni nyingine: masika ya Machi hadi Mei hukabidhi zamu kwa baridi na ukungu bila nafasi, kwa hiyo jua la Januari na Februari ndilo linalokausha, na kuni ambazo hazikupasuliwa na kupangwa kabla ya Desemba kuisha zimechelewa.

Juu ya aina ya miti nitasema machache. Miwati, ambayo asili yake ni Australia na ambayo ilipandwa sana Njombe na Eldoret kwa ajili ya magome ya kutengenezea ngozi, ni kuni njema kupita zote za huko: mizito, hupasuka kwa urahisi na kuwaka kwa utulivu. Mkaratusi nao una nguvu, ila sharti upasuliwe ukiwa mbichi, maana ukikauka mzima nyuzi zake hujisokota na shoka hurudi. Misindano hukauka upesi na kuungua upesi. Watu huisema vibaya kwamba utomvu wake huziba dohani, lakini msindano mkavu hauna hatia hiyo, na mwati mbichi unayo.

Jambo moja la Njombe na Iringa sharti litajwe bayana. Mabaki ya nguzo za umeme na za uzio, yale yenye rangi ya kijani kibichi, yanapatikana kwa bei ndogo au bure, nayo yanavutia kwa kuwa ni makavu. Nguzo hizo zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa yenye shaba, kromiamu na aseniki. Ukizichoma, sumu hupanda katika moshi na nyingine hubaki katika majivu, ambayo aghalabu humwagwa kwenye bustani ya mboga. Zisiingie jikoni hata kipande.

Dohani ndiyo mashine

Jiko ni sanduku tu. Kinachovuta hewa ndani yake ni dohani. Moshi wa moto ni mwepesi kuliko hewa ya nje, hupanda, na unapopanda huacha nafasi ambayo hewa mpya hukimbilia kuijaza kupitia matundu ya jiko. Huo ndio mvuto wa dohani, na nguvu yake hutegemea mambo mawili: urefu wa dohani na ukali wa joto la moshi uliomo. Hapa ndipo tabia yetu ya kulitoa bomba dirishani au ukutani, likapinda mara mbili na kuishia chini ya ukingo wa paa, inapoleta maangamizi. Bomba la namna hiyo ni fupi, limelala, na linapoa, na kila upepo unaopiga ukuta huurudisha moshi ulikotoka.

Kanuni zinazofuatwa na mafundi wa nchi za baridi ni hizi. Dohani ipande wima kadiri iwezekanavyo, isipungue mita 4.5 kutoka juu ya jiko hadi kileleni, ipitie ndani ya nyumba ili ibaki na joto, na itokeze juu ya paa angalau sentimita 90, tena izidi kwa sentimita 60 kitu chochote kilicho umbali wa mita 3 kutoka kwake. Upana wake ulingane na mdomo wa jiko, ambao kwa majiko mengi ni sentimita 15. Kulitia bomba dogo la jiko katika dohani kuukuu ya matofali iliyojengwa kwa meko makubwa, bila kulipandisha bomba hilo mpaka juu, ni kuutia moshi katika shimo pana ambamo utapoa na kusimama.

Kwetu sisi tulio juu kuna nyongeza ambayo vitabu vinavyokuja na majiko ya kigeni havina desturi ya kuitaja. Limuru iko kiasi cha mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban moja ya tano kuliko hewa ya Mombasa. Hewa nyepesi hufanya mvuto kuwa dhaifu na moto kuwa mvivu. Dohani ya mita 4.5 inayotosha pwani ya Norwei inaweza kushindwa Kinangop, kwa hiyo huku ni busara kukaribia mita 6.

Mahali bomba linapotoboa dari ndipo nyumba huungulia. Bomba la tabaka moja lisikaribie mbao kwa chini ya sentimita 45. Na kwa kuwa dari haiwezi kukatwa tundu la ukubwa huo pasipo kuharibika, sehemu inayopenya dari na paa iwe bomba la tabaka mbili lenye kizuia joto katikati. Ni ghali. Mara nyingine hulingana na bei ya jiko zima, na ndiyo sababu mafundi wetu hulikwepa na kuzungushia sementi kidogo, ambayo hupasuka katika msimu wa kwanza.

Kwa ufupi: kuni chini ya asilimia 20 ya maji, dohani ndefu, iliyonyooka, yenye joto, inayopita paa. Mwenye hayo mawili anaweza kuota moto vizuri hata kwa jiko la kawaida.

Maradhi ya jiko na dawa zake

Moshi ukijaa chumbani wakati wa kuwasha tu, kisha ukaisha, kosa ni dohani baridi ambayo imejaa hewa nzito. Fungua dirisha kidogo, washa karatasi iliyosokotwa uishike karibu na mdomo wa bomba mpaka usikie hewa ikianza kuvuta, ndipo uwashe kuni. Afadhali pia kupanga kinyume cha tulivyozoea: magogo chini, vijiti juu yake, na kiberiti kileleni, ili moshi wa mwanzo upite katika ndimi za moto badala ya kupanda mbichi.

Moshi ukitoka kila mlango unapofunguliwa, ilhali zamani haukutoka, panda juu ukatazame kofia ya dohani, yaani kifuniko cha kuzuia mvua. Wavu wake huzibwa na masizi, na ndege hupenda kujenga humo katika miezi ambayo jiko halitumiwi. Dohani yenyewe ifagiliwe kwa brashi ya waya angalau mara moja kwa mwaka, kabla ya kipupwe.

Kioo kikiwa cheusi, ama kuni ni mbichi, ama umefunga matundu ya hewa mno ili moto ulale usiku kucha. Kioo husafika kwa gazeti lililoloweshwa na kuchovywa katika majivu laini, lakini weusi huo ni onyo: kilichokaa kwenye kioo kimekaa pia ndani ya bomba. Moshi unaopoa hadi chini ya nyuzi 120 hivi huacha kwenye kuta za dohani utando wa lami uitwao kreosoti, nao huwaka. Moto wa dohani hunguruma, bomba hugeuka jekundu, na joto lake huweza kupita nyuzi 1,000. Ukitokea, funga mlango na matundu yote ya hewa, watoe watu nje, waite zimamoto, wala usimwage maji ndani ya dohani, kwa kuwa mvuke wa ghafla huipasua.

Kuna ugonjwa mwingine unaowashangaza watu: matone ya rangi ya kahawia, yenye harufu ya moshi mchungu, yanayotiririka kwenye viungo vya bomba na kuchora ukuta. Tazama namna vipande vilivyounganishwa. Mafundi wengine huvalisha kipande cha juu nje ya kile cha chini, ili maji ya nje yasiingie. Bomba la jiko lililo ndani ya nyumba hutaka kinyume chake: ncha nyembamba ya kipande cha juu iingie ndani ya kile cha chini, ili lami inayoshuka irudi jikoni ikaungue. Kugeuza vipande ni kazi ya nusu saa. Kukausha kuni, ambako ndiko asili ya matone, ni kazi ya miezi.

Jiko likila kuni upesi na kukataa kutii vizuizi vyake vya hewa, chunguza kamba inayozunguka mlango. Bana kipande cha karatasi mlangoni, funga, kisha vuta. Kikitoka bila ubishi kamba imechoka, nayo hubadilishwa kwa bei nafuu. Na jiko likiwa moto wa kuunguza ilhali chumba ni baridi, huenda jiko halina kosa lolote, bali nyumba imeezekwa kwa mabati pasipo dari, na joto lote linapanda kuwapasha popo. Hapo fedha ziende kwenye dari.

Kuchagua jiko lenyewe

Kosa la wanunuzi wengi ni ukubwa. Jiko si kanzu ya mtoto inayonunuliwa kubwa ili akue nayo. Pima urefu, upana na kimo cha chumba kwa mita, zidisha, kisha gawanya kwa 14 ikiwa nyumba inashika joto, au kwa 10 ikiwa inavuja. Jibu ni kilowati unazohitaji. Chumba cha mita 5 kwa 4 chenye kimo cha mita 2.7 kina mita za ujazo 54, na hivyo kinataka jiko la kilowati 4 hadi 5 na nusu. Mwenye kuweka humo jiko la kilowati 12 atashindwa na joto, atafunga hewa, moto utafuka badala ya kuwaka, na maradhi yote niliyoyataja yatamjia kwa mfululizo.

Hesabu hiyo hutoa pia kiasi cha kuni. Jiko la kilowati 5 lenye ufanisi mzuri hula kilo 1.7 hivi za kuni kavu kwa saa. Kwa jioni ya saa nne ni kilo 7, na kwa siku 92 za Juni hadi Agosti ni kilo 640 au zaidi kidogo. Uwe na mahali pa kuziweka.

Kwa habari ya chuma, bati la chuma lililounganishwa kwa kuchomelea hupata moto upesi na kupoa upesi, na linafaa watu wanaorudi nyumbani jioni. Fundi mzuri wa mjini anaweza kulitengeneza, ilimradi unene uwe milimita 5 au 6 na ndani pawe na matofali ya kuhimili moto. Jiko la pipa kuukuu, ambalo bati lake ni jembamba mno, huungua likatoboka. Chuma cha kusubu hushika joto kwa muda mrefu zaidi, lakini hupasuka kikimwagiwa maji. Wafini hujenga majiko ya jiwe la sabuni, ambalo hunywa joto na kulitoa polepole usiku kucha, nalo ni la jamii moja na jiwe linalochongwa vinyago huko Tabaka, Kisii. Sijui kwa nini mafundi wetu hawajalipenda kwa kazi hii.

Mbele ya mwuzaji, uliza haya:

- Je, lina matundu ya hewa ya pili, yaani hewa inayoingia juu ya moto ili kuunguza gesi? Lisilo nayo ni sanduku la moshi.
- Kamba ya mlango, kioo na matofali ya ndani vinapatikana nchini?
- Limechoka? Jiko lililokwisha kutumika litie tochi iwakayo ndani, gizani, na utazame nje kama mwanga unapenya.

Yako majiko yenye kichocheo, yaani chano chenye madini kinachounguza moshi kwa joto dogo. Ni mazuri kwa mtu wa Marekani anayeweza kununua kichocheo kipya kikichakaa; mimi simshauri mtu wa Makete kulinunua. Na msomaji anayeishi Ulaya au Marekani ajue kwamba huko sheria imekwisha kumchagulia nusu ya jambo, kwa kuwa majiko mapya hayauzwi mpaka yatimize kipimo cha moshi, kilichokazwa Marekani mwaka 2020 na katika Umoja wa Ulaya mwaka 2022. Asifunge jiko mwenyewe kabla ya kuuliza kampuni ya bima ya nyumba yake.

Wakati fedha hazijatosha

Limebaki neno kwa yule ambaye hana jiko wala dohani, na ambaye usiku wa Julai huingiza chumbani jiko la makaa, akiamini kwamba kwa kuwa halitoi moshi halina madhara. Makaa yanayowaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa iitwayo kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu zinazoizidi oksijeni mara 200 na zaidi. Mtu huumwa kichwa, huona kichefuchefu na kizunguzungu, na aliyelala hapati hata dalili hizo. Kila mwaka familia nzima hukutwa asubuhi hazina uhai kwa ajili ya jiko moja dogo lililowekwa karibu na kitanda. Hata mwenye jiko zuri la kuni aweke chumbani kengele ya kupima hewa hiyo, na majivu yake ayatie katika ndoo ya bati yenye kifuniko, nje ya nyumba, kwa kuwa kaa lililofunikwa na majivu hukaa hai kwa siku kadhaa. Nawe ambaye bado unaweka akiba, tafadhali ota moto wako uani au jikoni penye mlango wazi, kisha uuache huko huko unapokwenda kulala, na chumbani uongeze blanketi.